Theluji, Barafu na Utelezi: Istilahi za Majira ya Baridi katika Tahadhari kwa Wasemaji wa Kiswahili Ughaibuni

Ikisiri

Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa familia nyingi zinazoishi katika nchi ambamo theluji huanguka kila mwaka. Hata hivyo, msamiati wake wa hali ya hewa umekulia katika mazingira ya mvua, jua, upepo na ukungu. Makala haya yanafafanua matukio makuu ya hali ya hewa ya majira ya baridi, yanaeleza namna yanavyosababisha utelezi barabarani, na yanachunguza maneno ya Kiswahili yanayoweza kuyabeba. Hoja kuu ni kwamba tafsiri sisisi ya tahadhari za theluji humpotosha msikilizaji palepale anapohitaji kuokolewa, na kwamba Kiswahili kina rasilimali za kutosha kuyaeleza matukio hayo bila kutatiza. Makala yanapendekeza istilahi zinazotaja hatari yenyewe badala ya kunakili sura ya neno la kigeni.

Maneno makuu: theluji, barafu, utelezi, istilahi, tahadhari, tafsiri

1.0 Utangulizi

Mnamo Machi 2022, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitangaza lengo la kuhakikisha kwamba ndani ya miaka 5 kila mtu duniani analindwa na mifumo ya tahadhari za mapema. Lengo hilo hutajwa mara nyingi pamoja na rada, setilaiti na minara ya simu. Lakini tahadhari haikamiliki inapofika katika simu ya mtu. Hukamilika inapoeleweka na kumfanya achukue hatua. Kiungo cha mwisho cha mnyororo huo ni lugha.

Suala hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Katika miaka kadhaa tangu 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imekuwa nchi inayoongoza kwa idadi ya wakimbizi wanaopokelewa Marekani. Wengi wao wametoka mashariki mwa nchi hiyo, na wengine wamekaa miaka mingi katika makambi ya Nyarugusu nchini Tanzania, Nakivale na Kyangwali nchini Uganda, au Kiziba nchini Rwanda. Mtu aliyelelewa katika hali ya hewa ya Kivu au Kigoma huweza kujikuta, ndani ya safari ya siku mbili, katika mji ambamo lami huwa barafu usiku na kazi huanza alfajiri.

Hatari hiyo si ya kubuni. Tarehe 23 Desemba 2022, dhoruba ya theluji ilianza kuupiga mji wa Buffalo katika jimbo la New York, huku upepo ukivuma kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Zaidi ya watu 40 walifariki katika eneo hilo. Baadhi yao walikutwa ndani ya magari yaliyokwama, wengine nje barabarani, na wengine katika nyumba zilizokosa joto. Waliokufa walikuwa pia wenyeji waliozaliwa humo. Ikiwa mwenyeji anayeifahamu theluji tangu utotoni huweza kuzidiwa, mgeni anayeipokea tahadhari kwa maneno yasiyoeleweka yumo katika hatari kubwa zaidi.

2.0 Theluji katika mazingira na lugha za Afrika Mashariki

Si kweli kwamba Afrika Mashariki haiijui theluji. Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori zina barafu ya kudumu, ingawa inapungua mwaka hadi mwaka. Lakini theluji hiyo iko juu sana, mbali na njia za watu. Inaonekana kwa macho. Haikanyagwi na mtu anayekwenda sokoni.

Tofauti kati ya kuona na kukanyaga imeacha alama katika lugha. Mmisionari Johannes Rebmann alipokiona kilele cheupe cha Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, alimuuliza kiongozi wake weupe ule ni nini. Jibu lililoandikwa ni kwamba kiongozi huyo aliuita baridi. Hakuutaja kwa umbo wala kwa rangi, bali kwa athari yake mwilini. Huko Uingereza, mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa kusadiki kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Lakini kiongozi yule, kwa neno moja tu, alikuwa amesema ukweli wa kutosha kwa msafiri yeyote aliyetaka kupanda.

Lugha jirani nazo zina njia zake. Jina la mlima Karisimbi, wenye kimo cha mita 4,507 katika mpaka wa Rwanda na Kongo, huhusishwa na neno la Kinyarwanda isimbi, yaani kauri nyeupe, kwa sababu ya weupe unaoonekana kileleni nyakati fulani. Neno urubura katika Kinyarwanda na Kirundi hutumika kwa mvua ya mawe na pia kwa theluji; vivyo hivyo omuzira katika Kiganda. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili ambaye lugha yake ya kwanza ni mojawapo ya hizo huweza kulisikia neno theluji na kufikiria vipande vigumu vinavyopiga mabati kwa dakika chache kisha kuyeyuka.

Mkanganyiko huo hutokea hata kwa watu wa nyanda za juu. Mnamo Septemba 2008, eneo la Busara karibu na Nyahururu nchini Kenya lilifunikwa na weupe uliowafanya wakazi wengi kuamini kwamba theluji imeanguka. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kuwa ilikuwa mvua ya mawe iliyorundikana na kushikamana. Kwa mkazi wa Busara, tofauti hiyo ilikuwa ya kuridhisha udadisi. Kwa dereva katika jiji la kaskazini, tofauti kama hiyo ni suala la uhai.

Kiswahili chenyewe kimerithi maneno mawili ya msingi. Theluji limetokana na Kiarabu; barafu limetokana na Kiajemi, na limeenea pia katika lugha za Bara Hindi. Inavutia kwamba neno la asili la Kiajemi lina maana ya theluji. Kiswahili kiligawa kazi: theluji ikabaki kwa kile chepesi kinachoanguka kutoka mawinguni, na barafu ikawa maji yaliyoganda. Maisha ya mijini yakaliongezea neno barafu sifa njema. Barafu huhifadhi samaki sokoni, hupoza maji ya kunywa, na huuzwa kwa watoto ikiwa na sukari na rangi. Hivyo neno linalopaswa kumtisha dereva ndilo linalomkumbusha mlaji kiburudisho.

Maneno mengine yapo lakini hayajulikani sana. Sakitu na jalidi hutaja ukungu au umande uliogandishwa na baridi juu ya majani, jambo ambalo wakulima wa chai na viazi wa Limuru na Nyandarua wanalifahamu kwa hasara yake. Kipupwe, kwa upande wake, hutumiwa na baadhi ya watafsiri kwa majira ya baridi ya kaskazini. Lakini kipupwe cha pwani ni msimu wa upepo mwanana na nafuu ya joto. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia majira ya baridi, na inapohitajika majira ya baridi kali.

3.0 Jinsi theluji na utelezi vinavyotokea

Istilahi njema hutegemea kulielewa tukio. Theluji hutengenezwa katika mawingu yenye baridi, mvuke wa maji unapoganda moja kwa moja kuwa fuwele za barafu. Fuwele hizo zikiungana huwa chembe nyepesi zinazoshuka polepole. Hewa ikiwa na baridi ya kutosha hadi chini, chembe hufika zikiwa theluji.

Theluji inayoanguka kwa vipindi ina tabia inayofanana na mvua za vipindi za Afrika Mashariki: huanza ghafla, huzidi, hukatika, na huweza kuuacha mtaa mmoja mkavu huku wa pili ukiwa mweupe. Katika miji iliyo kando ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, hewa baridi hupita juu ya maji yaliyobaki na joto la kiangazi, huchukua mvuke, kisha huumwaga kwa mikanda myembamba ya theluji nzito ng'ambo ya ziwa. Msikilizaji wa Kisumu, Mwanza au Entebbe anaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi, kwa kuwa anajua namna Ziwa Viktoria linavyolisha mawingu ya mvua usiku.

Mvua inayoganda ni tukio la namna nyingine. Tabaka la hewa yenye joto likipita juu ya tabaka jembamba la baridi lililolala ardhini, theluji huyeyuka ikiwa juu na kuwa mvua. Matone hayo hupoa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi bila kuganda, kisha huganda papo hapo yanapogusa lami, ngazi, tawi la mti au waya wa umeme. Mnamo Januari 1998, mvua ya aina hiyo iliendelea kwa siku kadhaa mashariki mwa Kanada na kaskazini mashariki mwa Marekani. Uzito wa barafu uliangusha nguzo na minara ya umeme, na katika jimbo la Quebec pekee zaidi ya watu milioni 3 walikosa umeme.

Hatari ya tatu haianguki kutoka angani. Theluji iliyoyeyuka mchana huganda tena usiku, na kufanya utando mwembamba wa barafu usio na rangi. Kwa kuwa unapitisha mwanga, rangi inayoonekana ni ile ya lami iliyo chini yake. Madaraja huganda kabla ya barabara nyingine, kwa sababu hewa baridi huyapitia juu na chini huku barabara ya kawaida ikipata joto kidogo la ardhi.

Athari ya utelezi hupimika. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu, ambapo kizigeu cha msuguano huwa karibu 0.7, huhitaji takriban mita 14 kusimama baada ya breki kushika. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, kizigeu hicho kikiwa 0.25, umbali huwa takriban mita 39. Kwenye barafu, kikiwa 0.1, umbali hukaribia mita 98. Dereva aliyezoea kuacha nafasi ya magari matatu anahitaji nafasi ya kiwanja cha mpira.

Wengi husadiki kwamba chumvi inayomwagwa barabarani huondoa hatari hiyo. Chumvi hushusha kiwango cha joto ambacho maji huganda, hivyo huyeyusha barafu. Lakini joto likishuka chini ya takriban nyuzi 9 hasi za Selsiasi, chumvi ya kawaida hufanya kazi polepole mno. Barabara iliyotiwa chumvi usiku wa baridi kali si lazima iwe barabara salama.

4.0 Mapendekezo ya istilahi

Kanuni inayofuatwa hapa ni kwamba istilahi ya tahadhari inapaswa kueleweka kwa mtu anayeisikia mara ya kwanza. Istilahi ya kitabuni huweza kusubiri kufundishwa. Ile ya tahadhari haina muda huo.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule utando wa barafu usioonekana. Lugha kadhaa za kigeni huuita kwa jina lenye maana ya barafu nyeusi, na baadhi ya tafsiri za Kiswahili zimefuata njia hiyo. Tatizo ni kwamba msikilizaji aliyeambiwa kuhusu barafu nyeusi hutafuta kitu cheusi. Asipokiona, huendelea na safari akiamini njia ni salama. Jina lenyewe limemwelekeza mahali pasipo na hatari. Istilahi barafu isiyoonekana haina kasoro hiyo, kwa maana humweleza kwamba macho yake hayatamsaidia.

Kwa theluji inayoanguka, Kiswahili cha utabiri tayari kina kielelezo. Wasikilizaji wa taarifa za hali ya hewa nchini Tanzania wamezoea vipindi vya mvua na vipindi vya jua. Kwa mlinganisho huo, vipindi vya theluji hueleweka bila ufafanuzi. Theluji hafifu isiyorundikana inaweza kuitwa manyunyu ya theluji. Ile inayokuja kwa kishindo, ikiwa na upepo unaoziba macho ya dereva kwa muda mfupi, ndiyo dhoruba ya ghafla ya theluji. Marekani imekuwa ikitoa onyo mahususi kwa tukio hilo tangu mwaka 2018, kwa sababu husababisha magari mengi kugongana katika barabara kuu. Dhoruba kuu ya theluji ni ya muda mrefu: vigezo vya Marekani hutaka upepo wa angalau kilomita 56 kwa saa na mwono ulio chini ya mita 400 kwa muda wa saa 3 au zaidi.

Mvua inayoganda inafaa kubaki katika umbo hilo la kitenzi, kwa kuwa kitenzi kinaeleza tendo. Mvua ya barafu haifai, kwani huvuta fikra kuelekea mvua ya mawe. Mchanganyiko wa matone na theluji unaweza kuitwa mvua ya theluji, nao umande ulioganda ubaki sakitu, huku maelezo mafupi yakiambatana nao hadi neno litakapozoeleka. Hisia ya baridi inayozidishwa na upepo inaweza kuitwa baridi ya upepo, na madhara yake kwenye vidole, masikio na pua yaelezwe kuwa ni mwili kuganda kwa baridi.

Neno utelezi lenyewe halihitaji mbadala. Kila aliyetembea njia ya matope wakati wa masika analijua. Hata hivyo, ujuzi wa matope hauhamishwi wote. Dereva wa njia za udongo hujifunza kutopunguza mwendo ovyo ili asikwame. Kwenye barafu, ni mwendo huohuo unaoua. Matope huonekana na hushika kiasi. Barafu isiyoonekana haioneshi dalili wala haishiki. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, lakini juu ya barafu nafasi kati ya hayo mawili ni finyu mno. Kinachoweza kuhamishwa ni mwendo wa miguu: hatua fupi, goti lililolegea na uzito juu ya mguu wa mbele, kama mtu abebaye ndoo ya maji kichwani katika mteremko uliolowa.

5.0 Ngazi za tahadhari, vipimo na saa

Istilahi sahihi huweza kuharibiwa na mambo matatu yanayoizunguka. La kwanza ni ngazi ya tahadhari. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zikiambatana na rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu. Mfumo wa Marekani hutofautisha kati ya tukio linaloweza kutokea na tukio linalotokea au lililo karibu kutokea. Mtafsiri anayetumia tahadhari kwa yote mawili huifuta tofauti kati ya kujiandaa na kutotoka nje. Inapendekezwa kutumia jiandae kwa la kwanza na onyo kwa la pili, na kila ngazi ifuatwe na kitenzi kinachoamuru tendo.

La pili ni vipimo. Marekani hutumia nyuzi za Farenhaiti, ambapo maji huganda kwenye 32. Msikilizaji anayeambiwa kwamba usiku utakuwa na nyuzi 20 hufikiria jioni tulivu ya Nairobi. Kumbe ni takriban nyuzi 7 hasi za Selsiasi. Tahadhari yoyote ya Kiswahili inapaswa kutaja kipimo kinachotumika, au iseme tu kwamba maji yataganda.

La tatu ni saa. Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo. Tafsiri inayoichukua tarakimu ya kigeni bila kuigeuza humfanya msikilizaji akosee kwa saa 6. Onyo linaloisha saa 3 usiku kwa hesabu ya Kiswahili huisha saa 21:00 kwa hesabu ya kimataifa. Lakini onyo linaloisha saa 3 usiku kwa hesabu ya wenyeji wa kule huisha saa 9 usiku. Kwa kuwa baadhi ya wasemaji wa Kongo, waliosoma kwa Kifaransa, hufuata hesabu ya kimataifa, ni salama zaidi kuandika zote mbili pamoja.

6.0 Mfano wa tangazo

Tangazo lifuatalo limetungwa kuonesha tafsiri sisisi: "Tahadhari ya hali ya hewa ya kipupwe hadi saa 9. Mvua ya theluji inatarajiwa. Barafu nyeusi inawezekana. Hali za kusafiri zinaweza kuwa za utelezi." Kila neno ni la Kiswahili, lakini msikilizaji hajui saa ni ipi, kinachoanguka ni nini, atazame wapi, wala afanye nini.

Toleo linalofuata kanuni zilizoelezwa lingesomeka hivi: "Onyo: vipindi vya theluji vitaanguka leo hadi saa 3 usiku (21:00). Baada ya hapo maji yaliyo barabarani yataganda. Lami itaonekana kama imelowa tu, kumbe ni barafu isiyoonekana, hasa juu ya madaraja. Ukiweza, usisafiri. Ukilazimika, endesha polepole, acha nafasi kubwa mbele yako, na usikanyage breki kwa nguvu. Beba blanketi, maji na simu yenye chaji. Gari likikwama kwenye dhoruba, baki ndani. Ondoa theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kuwasha injini."

Toleo la pili ni refu zaidi. Urefu huo una sababu. Lugha ya kigeni huweza kufupisha kwa kuwa wasikilizaji wake wameishi na theluji vizazi kwa vizazi, na neno moja linabeba mafunzo ya utotoni. Msikilizaji wa Kiswahili hana urithi huo, hivyo tangazo lazima libebe neno na fundisho lake kwa pamoja. Agizo la mwisho ni mfano mzuri: bomba la moshi likizibwa na theluji, hewa ya sumu isiyo na harufu huweza kuingia ndani ya gari na kuua. Mzaliwa wa kule ameambiwa hilo na wazazi wake. Mgeni ataambiwa na tangazo au hataambiwa kabisa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba upungufu wa Kiswahili mbele ya theluji si wa maneno, bali wa mpangilio na mazoea. Lugha ina theluji, barafu, sakitu, utelezi, dhoruba na vitenzi vinavyoweza kueleza tendo la kuganda kwa usahihi. Kinachohitajika ni kuyapanga maneno hayo kulingana na tukio, kuyaondolea maana zinazofariji mahali pa hatari, na kuyafungamanisha na maagizo, vipimo na saa zinazoeleweka.

Kazi hiyo haiwezi kuachiwa mtafsiri mmojammoja anayefanya kazi usiku dhoruba ikikaribia. Baraza la Kiswahili la Taifa, vyama vya Kiswahili vya nchi jirani na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki vina nafasi ya kuandaa orodha fupi ya istilahi za majira ya baridi, ikiwahusisha wasemaji wa Kongo, Burundi, Rwanda na Uganda ambao ndio watumiaji wake wakuu ughaibuni. Orodha ya maneno 30 hivi ingetosha kwa kuanzia. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kiongozi wa Rebmann aliujua ukweli huo: alipoulizwa kuhusu weupe wa kilele, alichagua neno ambalo msafiri angelihitaji.